Ahabu Alitoa Bei Nzuri

Tulikuwa katika darasa la kipaimara, tunasoma habari za Nabothi Myezreeli katika 1 Wafalme 21, kijana mmoja akanyosha mkono akauliza: “Mchungaji, si Ahabu alitoa bei nzuri? Alimwahidi mwenzake shamba bora kuliko lile, au fedha. Sasa kosa lake liko wapi?” Wenzake walicheka. Lakini katika darasa lile yeye ndiye aliyekuwa amesoma kwa makini.

Sisi wengine tukiisoma habari hii huwa tunaukimbilia mwisho wake: Yezebeli, mashahidi wa uongo, mawe. Tunaona damu, na kwa kuwa hakuna msharika anayepanga kumpiga jirani yake kwa mawe, tunafunga kitabu tukiwa na amani. Habari yenyewe haikuanza na damu. Ilianza na mapatano. Mfalme hakutuma askari. Alizungumza na jirani yake, akamweleza haja yake, akamwekea njia mbili achague. Dalali yeyote wa viwanja pale Buswelu au Kisesa atakuambia kwamba mnunuzi wa namna hiyo hapatikani kila siku.

Basi swali la kijana ni la kweli, na linatuhusu. Bei ikiwa ya haki na mnunuzi akiwa mstaarabu, je, mwenye mali ana haki ya kukataa? Na akikataa, mnunuzi anadaiwa nini?

Kwanza tujue kilichokuwa kinaombwa. Sisi wa kandokando ya Ziwa tunajua pamba, mpunga, mihogo na viazi vitamu, na wa Ukerewe wanajua machungwa. Mzabibu wengi wetu tunaujua kwa Yohana 15 na kwa chupa ya divai ya Meza ya Bwana. Aliye karibu nasi anayeujua kwa mikono yake ni mkulima wa Dodoma. Kule, katika nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu Bihawana katika karne iliyopita, na mmea ukaikubali ardhi ile. Leo kuna mashamba Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Chinangali na kwingineko, na mengi ni mashamba madogo ya familia, baba na mama na watoto. (Siwasahau watawa Wabenedikto wa Sakharani, Lushoto, wenye mizabibu yao katika baridi ya milima ya Usambara. Lakini wale ni watawa, nami nazungumzia shamba lenye warithi.)

Shamba la mizabibu lina desturi zake. Mkulima hapandi mbegu, huchukua pingili za mzabibu mwingine. Hutia samadi, husimamisha nguzo na kuvuta nyaya ili matawi yapate pa kushika. Kisha hungoja. Hupita mwaka na zaidi kabla hajaona vichala vya maana, na muda wote huo shamba linakula fedha bila kurudisha. Baada ya hapo kazi kubwa ni kupogoa. Dodoma hupogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara mbili, mara ya kwanza kama Februari na Machi, mara ya pili kama Agosti na Septemba. Ulaya jambo hilo halipo, kwa kuwa baridi ya kule huulaza mzabibu, na mavuno huwa mamoja. Mzabibu uliotunzwa huzaa kwa miongo. Aliyepanda akiwa kijana anaweza kumwachia mwanawe mashina yaleyale, na mwana akajua shina lipi ni la kubembeleza na lipi ni la kukatwa bila huruma, kwa sababu alimwona baba yake akifanya hivyo.

Shamba la namna hiyo ndilo Ahabu alilotaka kuligeuza bustani ya mboga. Bustani ya mboga tunaijua. Iko mabondeni na kando ya maji, mchicha unakatwa baada ya wiki chache, unapandwa mwingine. Wala si kazi ya kudharau. Wapo wanaosomesha watoto kwa mchicha na chainizi. Lakini mboga unaweza kuzihamishia popote penye maji. Mzabibu wa miaka 30 huwezi kuung'oa ukaupanda ng'ambo ya barabara. Lile shamba “bora zaidi” la Ahabu lilikuwa bora machoni pa mtu ambaye hajawahi kushika mkasi wa kupogolea.

Kuna jambo jingine, dogo, ambalo ningependa lisipotee. Katika Kumbukumbu la Torati 11, Musa anapowaeleza Israeli tofauti ya Misri na nchi ya ahadi, anaifananisha Misri na bustani ya mboga inayonyweshwa kwa jasho la watu, hali nchi ya ahadi inakunywa mvua ya mbinguni. Maneno ya Kiebrania yanayotumika pale ndiyo yaleyale yanayotumika kwa bustani aliyoitaka Ahabu. Mfalme wa Israeli anataka kung'oa mzabibu, mmea ambao manabii waliufanya kuwa picha ya Israeli yenyewe, ili apande kile kilichoota Misri. Sidhani kwamba mwandishi wa Wafalme alizitaja mboga kwa bahati tu.

Nabothi alikataa kwa kumtaja Bwana. Shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Nyuma ya jibu lake kuna Mambo ya Walawi 25, ambapo Mungu anasema ardhi ni yake, na watu waliomo ni wageni wake, kwa hiyo isiuzwe ikaenda moja kwa moja. Watanzania tuna kitu kinachokaribiana na hicho. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameikabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini si mwenye mali. Hata mfalme wa Israeli alikuwa chini ya Mwenye ardhi, na ndiyo sababu Ahabu, pamoja na tamaa yake, alirudi nyumbani mikono mitupu. Alijua. Yezebeli, binti wa mfalme wa Wasidoni, ndiye aliyeshangaa kwamba mfalme anaweza kuambiwa hapana na mkulima.

Ni kweli kwamba dola inaweza kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma na kumlipa fidia. Tuna sheria ya kufanya hivyo tangu mwaka 1967. Barabara itapita mahali fulani, hospitali itajengwa mahali fulani. Mkristo asilitumie jina la Nabothi kuzuia bomba la maji la kijiji, mradi fidia ilipwe, na ilipwe kwa wakati. Lakini Ahabu hakuwa na barabara wala hospitali. Alitaka mboga karibu na jikoni.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda. Maneno “urithi wa baba zetu” yamewakinga watu, na pia yamewapiga watu. Mwaka 1988 huko Muleba, upande wa magharibi wa Ziwa letu, mama mmoja Mhaya aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia aliona amezeeka na hana wa kumtunza. Akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu wa ukoo akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu hapa Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale anayouzia mwanamume, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi.

Ukisikiliza upande wa ukoo utadhani unamsikia Nabothi: ardhi ya mababu isitoke. Lakini kiti walichokalia kilikuwa cha Ahabu. Walitaka neno la mwisho juu ya shamba la mtu mwingine, na neno la mwenye shamba hawakutaka kulisikia. Mungu wa Walawi 25 ni yuleyule ambaye katika Hesabu 27 aliwasikiliza binti za Selofehadi waliposimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, akasema wamenena haki.

Kwa hiyo sidhani kwamba Nabothi ni mwenye haki kwa sababu alikataa kuuza. Angekubali kwa moyo wake, nisingemwita Esau. Kilichokanyagwa Yezreeli ndicho kilichotaka kukanyagwa Muleba, yaani neno la mwenye shamba. Mmoja alisema hapana, mwingine alisema ndiyo, na wote wawili kuna watu waliowaona hawana ruhusa ya kusema. Bei haiwi ya haki kwa ukubwa wake. Inakuwa ya haki pale anayeulizwa anapoweza kukataa na usiku akalala usingizi. Asipoweza kukataa, kukubali kwake hakuna maana, hata ukimlipa mara mbili.

Turudi Dodoma na kipimo hicho. Kule hakuna Ahabu mwenye taji. Kuna jua tu, na zabibu zilizoiva. Zabibu za mvinyo zikifika wakati wake zinatakiwa zikatwe na kufika kiwandani haraka. Mkulima asiye na mkataba, asiye na chumba cha baridi wala mtambo wa kukamulia, anasimama kati ya mistari ya mizabibu yake akisubiri simu. Si mara moja wala mbili tumesikia zabibu zikiozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Katika hali hiyo mnunuzi anayefika anaweza kutaja bei anayotaka. Hajamtisha mtu. Jua limemtisha kwa niaba yake. Wapo wakulima wanaokamua na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao unaweza kungoja kidogo kwenye matangi wakati zabibu hazingoji. Wengine wataliona hilo kuwa biashara tu. Mimi naona ni mtu anayejaribu kurudishiwa uwezo wa kusema hapana.

Sisi hatuna haja ya kusafiri hadi Dodoma kuliona jambo hili. Aliyeshusha dagaa mwaloni siku ya mvua, hana pa kuanika, hataji bei; anatajiwa. Mwenye sangara asiye na barafu naye ni vivyo hivyo. Na anayenunua mara nyingi ni mtu mwema, mtoaji mzuri wa sadaka, ambaye ukimwambia amemdhulumu mvuvi atashangaa kwa dhati, maana walipatana na mvuvi akashukuru.

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, ardhi ya kule imekuwa na wateja. Mfikirie mkulima ambaye zabibu zake zimeoza misimu miwili mfululizo. Msimu wa tatu anakuja mtu mwenye adabu, anataka ekari ile ipimwe viwanja, na bei yake ni nzuri. Mkulima anauza, mizabibu inang'olewa. Mimi simhukumu anayeuza. Ana watoto wa kusomesha. Lakini ndiyo yake iliandaliwa na watu wengi ambao hawakuwapo siku ya kutia sahihi.

Kijana wa kipaimara alikuwa na jibu la swali lake kwenye kitabu alichokuwa amekishika. Wizi umekwisha kukatazwa katika amri ya saba. Kwa nini basi Mungu aongeze amri ya tisa, tusitamani nyumba ya jirani? Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anaeleza kwamba amri hii inatukataza kuutafuta urithi au nyumba ya jirani kwa hila, na kujipatia kwa njia inayoonekana kuwa ya haki. Katika Katekismo Kubwa anakwenda mbali zaidi. Anasema amri hii haikuwekwa kwa ajili ya wahuni wanaojulikana na kila mtu. Imewekwa kwa ajili ya watu wema hasa, wale wanaopenda kusifiwa kwa uadilifu kwa sababu hawajavunja amri zilizotangulia. Nimeifundisha sehemu hiyo miaka mingi na bado hainipi raha.

Tazama jinsi mambo yalivyoendeshwa Yezreeli. Yezebeli hakuvunja utaratibu hata mmoja. Barua ziliandikwa, muhuri ukagongwa, wazee wa mji wakahusishwa, mfungo ukatangazwa, mashahidi wakawa wawili kama torati inavyotaka. Ofisi ya leo ingelikuta faili lake limekamilika: muhtasari wa kikao, majina ya waliohudhuria, sahihi. Wanaonisumbua mimi si Yezebeli, ni wale wazee. Hawakupata shamba. Hawakupata hata fungu moja la mboga. Walipokea barua, wakatekeleza, wakarudisha jibu kwamba tayari. Na 2 Wafalme 9 inatueleza jambo ambalo sura ya 21 ililinyamazia, kwamba pamoja na damu ya Nabothi ilimwagika damu ya wanawe. Ndiyo maana hakutokea mrithi wa kudai. Ahabu aliposhuka kulimiliki shamba hakuuliza jirani yake amekufaje. Eliya alimkuta humo humo.

Kati ya washarika wetu wamo wajumbe wa serikali za mitaa na halmashauri za vijiji, wamo wajumbe wa mabaraza ya ardhi, wamo wenyeviti wa vikao vya ukoo. Kalamu za wazee wa Yezreeli ziko mikononi mwao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na sote tunajua ridhaa hiyo wakati mwingine inavyopatikana: karatasi inaletwa usiku, mama anaonyeshwa pa kuweka dole gumba, na shahidi ni mtu aliyekaa naye benchi moja kanisani Jumapili.

Na Kanisa lenyewe? Usharika mmoja kando ya Ziwa, ambao sitautaja, ulitaka kiwanja cha mjane anayepakana na kanisa. Pana miembe michache na kaburi la mumewe. Usharika ulitaka kujenga chekechea, jambo jema kabisa, na bei waliyotoa ilikuwa juu ya bei ya mtaa. Mama akakataa. Wakarudi, akakataa tena. Mara ya tatu walikuja na mchungaji wao, wakaanza kwa wimbo na sala. Mama huyo aliniambia mwenyewe: “Mchungaji, watu wakishamwomba Mungu aufungue moyo wangu, mimi hapana yangu nitamwambia nani?”

Hajauza. Ila siku hizi anasali usharika wa jirani, mwendo wa saa nzima kwa miguu, na magoti yake si mazima.

Hakuna aliyemtukana wala kumtisha. Kila mmoja katika ujumbe ule ni mtu ambaye ningemwachia funguo za nyumba yangu nikasafiri. Lakini kumbuka Ahabu alifanya nini alipokataliwa. Alijilaza kitandani, akageuza uso wake, akakataa chakula. Hicho si kisa cha uovu, ni huzuni. Tatizo ni kwamba mwenye nguvu akihuzunika, walio karibu naye huisikia huzuni yake kama amri. Usharika ule ulitangaza ibadani kwamba ujenzi umekwama kwa sababu ya eneo, na kwamba washarika wazidi kuomba. Hakuna jina lililotajwa. Halikuwa na haja ya kutajwa, maana kila mtu aligeuka kuangalia benchi moja.

Wazee wa usharika ule waliponiomba ushauri, niliwaambia kwamba mama alikwisha kujibu siku ya kwanza, na kilichobaki ni deni lao. Nikapendekeza wamwandikie barua, kwenye karatasi ya usharika, yenye sahihi na muhuri, ya kumwambia kwamba hawakiombi tena kiwanja chake, wala hawatawaendea watoto wake siku atakapolala kabla wao wenyewe hawajasema wanauza, na kwamba nafasi yake kanisani ipo. Yezebeli alijua muhuri una nguvu gani. Sioni kwa nini sisi tusiutumie kwa upande huu. Wazee wawili walikubali palepale. Mmoja alisema tungoje kwanza kikao cha bajeti. Katibu aliuliza barua ya namna hiyo itawekwa kwenye faili lipi, kwa sababu faili la viwanja lina hati za maeneo waliyoyapata tu.